Utafiti wa Nishati ya Usafiri: Kwa Nini Tuchange Pamoja

Petroli inayoendesha bodaboda za Kampala hufika kwa njia ndefu. Hushushwa bandarini, kwa kawaida Mombasa, husafirishwa kwa bomba hadi magharibi mwa Kenya, kisha hupakiwa katika malori na kuvuka mpaka wa Malaba au Busia. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoifunga barabara hiyo, mafuta yaliadimika Uganda na Rwanda. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya masharti ya vipimo vya Uviko, bei ya petroli ilipaa tena. Mara zote mbili, mwenye bodaboda hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu asioweza kuutikisa.

Leo nataka tujadili swali la uraia linalotokana na hali hiyo. Je, nani anapaswa kulipia utafiti wa nishati mbadala ya usafiri katika eneo letu, na ulipiwe vipi? Rai yangu ni kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapaswa kuchanga fedha za umma kwa ajili ya utafiti unaofanywa kwa ushirikiano, na kwamba fedha hizo zitolewe kwa masharti ambayo raia wa kawaida anaweza kuyafuatilia. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitazikabili pingamizi zenye uzito. Ukimaliza kusoma, una uhuru wa kunipinga.

Tuanze na maneno

Kwa kuwa ninyi ni wanafunzi wa Kiswahili, tuyapime maneno kabla ya kuyatumia. "Mbadala" ni kile kinachochukua nafasi ya kingine. Kwa hiyo nishati mbadala si lazima iwe nishati safi kabisa. Dar es Salaam, kwa mfano, bajaji na magari mengi hutumia gesi asilia iliyoshindiliwa, inayotoka katika visima vya Tanzania yenyewe. Gesi hiyo ni mbadala wa petroli, nayo humpunguzia dereva gharama, lakini bado ni mafuta ya ardhini na bado hutoa hewa ya ukaa. Umeme wa maji au wa jotoardhi ukiingia katika betri ya pikipiki, hapo tunazungumzia jambo jingine. Mtu akikuambia "mbadala", muulize: mbadala wa nini, na kwa faida ya nani?

Neno la pili ni "ushirikiano". Tutenganishe utafiti wa ushirikiano na utafiti shirikishi. Wa kwanza ni ule ambao taasisi mbili au zaidi hufanya kazi pamoja: zinagawana maabara, data na gharama. Wa pili ni ule unaowashirikisha walioguswa na jambo lenyewe, kama vile madereva na mafundi wa gereji. Utaona hapa chini kwamba tunauhitaji wa kwanza na wa pili pia.

Neno la tatu ni "kufadhili". Asili yake ni fadhila, yaani wema anaokutendea mtu asiyewajibika kukutendea. Shirika la nje likitupa fedha za utafiti, hiyo kweli ni fadhila, na tushukuru. Lakini serikali inapotumia kodi yako kulipia maabara, haikufadhili. Inagharimia kazi yako kwa fedha yako. Tofauti hii si ya kamusi tu. Anayepokea fadhila hunyamaza, ilhali anayelipa ana haki ya kuuliza maswali.

Makerere yatufundisha nini

Wengi hudhani kwamba utafiti wa magari ya umeme ni kazi ya Wajapani, Wachina na Wamarekani peke yao. Historia ya karibu inakanusha dhana hiyo. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanafunzi wa Massachusetts Institute of Technology, uliokusanya vyuo vya nchi mbalimbali ili kubuni gari linaloweza kuchajiwa umeme. Waganda hao walirudi nyumbani na ujuzi, na juu ya ujuzi huo serikali ya Uganda iliweka fedha. Novemba 2011, Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lilitembea mbele ya umma. Mwaka 2014 likafuata gari la watu watano linalotumia umeme na petroli kwa pamoja. Februari 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola, lenye viti 35 na paneli za jua juu ya paa. Leo kampuni iliyozaliwa na mradi huo, Kiira Motors, ina kiwanda Jinja.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Ushirikiano na wengine ulitangulia, fedha za umma zikafuata, kisha kiwanda. Tazama pia urefu wa safari: tangu wanafunzi wale waanze kujifunza hadi kampuni kuwa na kiwanda, miaka mingi imepita. Mtu aliyetaka faida baada ya mwaka mmoja angekwisha kata tamaa.

Hata betri yenyewe ya lithiamu, unayoibeba ndani ya simu yako, ilizaliwa polepole na kwa mikono mingi. Katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta ilipoutikisa ulimwengu, Stanley Whittingham alianza kazi hiyo akiwa mtafiti wa kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti huifanya betri iwe na nguvu zaidi. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa Japani aliunda betri iliyo salama kiasi cha kuweza kutumiwa na watu. Mwaka 1991 betri hizo zikaanza kuuzwa. Wanasayansi hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Nchi tatu, takriban miaka ishirini, na kila mmoja alianzia pale mwenzake alipofikia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na sayansi inawaunga mkono.

Kila nchi ina kipande chake

Sasa tuangalie ramani yetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Tanzania ina kinywe huko Mahenge na nikeli huko Kabanga, madini yanayoingia katika betri. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na jotoardhi ya Olkaria. Uganda ina mabwawa ya mto Nile: Bujagali lenye megawati 250, Isimba lenye 183 na Karuma lenye 600. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Rwanda imechukua hatua ya kisera: tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa kuwa za umeme.

Huyu ana madini, yule ana umeme, mwingine ana sera, na mwingine ana kiwanda. Hakuna hata mmoja mwenye vyote. Kobalti ya Kongo husafiri kwenda kusafishwa mbali, hasa China, kisha hurudi kwetu ndani ya betri kwa bei ambayo hatukuipanga. Pengo lililo kati ya mgodi wa Kolwezi na pikipiki ya Kigali ni pengo la maarifa, na maarifa hupatikana kwa utafiti.

Nayo maswali ya kutafitiwa ni mengi na ni yetu wenyewe. Betri iliyobuniwa kwa barabara tambarare hufanyaje kazi katika vilima vya Kigali, pikipiki ikiwa imebeba abiria na gunia la mkaa? Je, breki zinazorudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka zinaweza kufidia sehemu ya nguvu iliyopotea wakati wa kupanda? Vumbi la kiangazi na mvua za masika hupunguza umri wa betri kwa kiasi gani? Umeme usiotumiwa usiku wa manane, ambao baadhi ya mikataba ya uzalishaji huilazimu serikali kuulipia hivyo hivyo, unaweza kuchaji mabasi mangapi kabla ya alfajiri? Betri iliyochoka kwa pikipiki inaweza kuwasha taa za zahanati kwa miaka mingine mingapi? Na ikichoka kabisa itarejelezwa wapi, ili sumu yake isiishie katika Ziwa Viktoria?

Chukua swali moja tu: vituo vya kubadilishia betri. Dereva wa pikipiki ya umeme hana muda wa kusubiri betri yake ijae. Huingia kituoni, huacha betri tupu, huchukua iliyojaa na kuondoka. Lakini kila kampuni ina betri ya umbo lake na plagi yake. Aliyenunua pikipiki kwa kampuni moja hawezi kuingia kituo cha kampuni nyingine. Amekuwa mateka wa muuzaji wake. Dawa ya tatizo hili ni viwango vya pamoja, na viwango havitungwi kwa kukisia. Vinahitaji vipimo vilivyofanywa kwa njia ileile Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam, na watafiti wasio waajiriwa wa kampuni yoyote. Hakuna kampuni itakayolipia kazi ya kumfungulia mlango mshindani wake. Kazi ya namna hiyo ni ya umma, na mlipaji wake ni umma.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza ni hili: hospitali hazina dawa na madarasa hayana madawati, ya nini kulipia maabara za betri? Naliheshimu sana pingamizi hili. Hata hivyo, dawa na madawati husafirishwa kwa magari, na kila shilingi inayotoka nje kununua mafuta ni shilingi isiyobaki kununua dawa. Zaidi ya hayo, sidai ahadi mpya. Viongozi wa Afrika walitaja lengo la kutumia asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, wakalirudia Addis Ababa mwaka 2007. Nchi nyingi hazijalifikia mpaka leo. Kumkumbusha mtu ahadi yake si kumwomba zawadi.

Pingamizi la pili husema: Wachina wamekwisha kutengeneza magari haya, tununue tu. Tununue, sawa. Hakuna anayependekeza tuvumbue gurudumu upya. Lakini mnunuzi asiyejua anachonunua huuziwa mbuzi ndani ya gunia. Nchi isiyo na maabara ya kupima betri haiwezi kukataa betri mbovu, haiwezi kujadili bei kwa ujasiri, wala haiwezi kumfundisha fundi wake kuitengeneza inapoharibika.

Pingamizi la tatu husikika sana Uganda: tuna mafuta yetu ya Ziwa Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga. Ni kweli. Lakini mafuta ghafi yanayokwenda Tanga yanakwenda kuuzwa ng'ambo. Nayo hayatadumu milele. Mwenye busara hutumia mavuno ya msimu mzuri kununua mbegu. Sehemu ya mapato ya mafuta ikilipia utafiti wa kile kitakachokuja baada ya mafuta, wajukuu wetu hawatatulaumu.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote: Jumuiya yenyewe haina fedha. Inafahamika kwamba baadhi ya nchi wanachama huchelewa kulipa michango yao, na kwamba jumuiya ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam tangu mwaka 1963, nacho kiligawanyika mwaka 1970. Kwa nini basi tuamini mfuko mwingine?

Jibu langu ni kwamba mfuko upangwe kwa kuujua udhaifu huo. Kwanza, kila nchi iwalipe watafiti wake katika vyuo vyake, ila washindane kwa pamoja na wachaguliwe na jopo moja. Hivyo fedha nyingi hazivuki mpaka, na nchi inayochelewa huwachelewesha watu wake, si wa jirani. Chungu cha pamoja kibaki kidogo, kwa ajili ya jopo, data na mikutano tu. Pili, tusisubiri nchi zote nane. Mkataba wa Jumuiya unaruhusu kundi la nchi kutangulia katika jambo fulani, wengine wafuate wakiwa tayari. Nchi tatu zikianza, inatosha. Tatu, tusijenge ofisi mpya. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala, na Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki ipo Kigali. Tuwape kazi waliopo.

Masharti ya fedha za umma

Nimesema kwamba anayelipa ana haki ya kuuliza. Haya ndiyo masharti ambayo mimi, kama mlipa kodi, ningependa yaandikwe kabla ya senti ya kwanza kutolewa.

Sharti la kwanza: kila kikundi cha watafiti kiwe na watu wa nchi tatu au zaidi, na angalau mshirika mmoja awe chuo cha ufundi au gereji. Mtafiti bila fundi hubaki na karatasi.

Sharti la pili: madereva wawemo tangu mwanzo. Huu ndio utafiti shirikishi tulioutaja. Mwenye bodaboda anajua uzito anaobeba, kilomita anazokwenda na saa anazolala. Maarifa hayo hayapatikani maabara.

Sharti la tatu: hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, zimilikiwe kwa pamoja na taasisi zilizoshiriki, na vipimo viwe wazi kwa kila raia. Fedha ya umma isizae siri ya mtu binafsi.

Sharti la nne: majaribio yaliyoshindwa yatangazwe sawasawa na yaliyofaulu. Kikundi cha Nairobi kikijua kosa lililotokea Bujumbura, hakitalilipia mara ya pili. Wakaguzi wakuu wa hesabu watoe taarifa, nayo isomwe katika mabunge ya nchi na katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha.

Sharti la tano linatuhusu sisi moja kwa moja: kila ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili sanifu. Mwaka 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Lugha rasmi isiyoandika sayansi hubaki lugha ya hotuba na nyimbo. Fundi wa Bukavu aliyesoma Kifaransa, fundi wa Mbarara aliyesoma Kiingereza na fundi wa Kigoma aliyesoma Kiswahili wana lugha moja tu inayoweza kuwakutanisha mbele ya betri iliyofunguliwa. Mnaijifunza lugha hiyo sasa hivi.

Wewe ufanye nini?

Huenda umejiambia kwamba mambo haya ni ya mawaziri na maprofesa. La hasha. Bajeti ya taifa husomwa hadharani kila mwaka. Itafute, tafuta fungu la utafiti, uone ni kiasi gani kimetengwa. Mwulize mbunge wako, kwa barua yenye adabu na takwimu sahihi, anaonaje fungu hilo. Zungumza na dereva wa bodaboda unayemfahamu: hutumia kiasi gani kwa petroli kwa siku, na ni kitu gani kinachomzuia kuhamia umeme? Yaandike majibu yake. Kisha jifunze maneno ya taaluma hii kwa Kiswahili, kwa sababu ripoti hizo zitakapoandikwa zitahitaji wafasiri, wahariri na waandishi wa habari wanaojua tofauti ya kuchaji na kubadilisha betri.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini ndugu wanaochanga hujenga. Afrika Mashariki ina madini, mito, joto la ardhi, vyuo na mafundi. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuviweka mezani kwa pamoja na kuvilipia kwa subira. Uamuzi huo ni wa kisiasa, na siasa ni kazi ya raia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti iliyopo kati ya "kufadhili" na "kugharimia". Toa mfano mmoja wa kila neno kutoka katika maisha ya shule au mtaa wako.

2. Mwandishi anasema pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote. Je, jibu lake linatosha? Andika aya mbili za kumuunga mkono au kumpinga.

3. Kati ya masharti matano yaliyotajwa, ni lipi gumu zaidi kutekelezwa nchini mwako? Kwa nini?

4. Tunga barua fupi kwa mbunge wako ukimuuliza kuhusu fungu la utafiti katika bajeti. Zingatia mtindo wa barua rasmi.